Kurasa Zilizoiva za Mwalimu Gasper

Kitangari, 4 Machi 2024

Shemeji Elineema,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, mvua inanyesha vizuri na mwezi huu hatujapanga foleni ya maji hata siku moja. Stella anakuamkia. Ameanza kidato cha kwanza hapa hapa shuleni kwetu, kwa hiyo sasa nyumbani mimi ni mama yake na darasani ni mwalimu wake. Simwonei wivu.

Nakushukuru kwa kazi ya mwezi uliopita. Kompyuta zote kumi zinawaka upesi, na Mwalimu Humphrey, mkuu wetu, anamwonyesha kila mgeni kana kwamba amezizaa yeye.

Kuna jambo moja tu. Wanafunzi wakiandika ile amri ya man, ya kufungua kurasa za maelekezo, zinakuja za Kiingereza peke yake. Zile za Kiswahili alizoandika marehemu kaka yako hazipo. Nimejaribu ukurasa wa ls ya kuorodhesha mafaili, nimejaribu wa cp ya kunakili, nimejaribu wa grep ya kutafuta neno. Kila mara nikiuomba wa Kiswahili kompyuta inajibu kwamba hakuna ukurasa wa namna hiyo. Labda umezihamishia mahali pengine ukasahau kuniambia.

Jumanne nilikupigia ukasema, "Mama Stella usihangaike, vile ni vitu vya zamani," kisha mtandao ukakatika. Sikuelewa ni vitu gani vya zamani. Ndiyo maana naandika. Barua nampa Mujibu wa gari la Masasi, nawe mpe majibu yeye huyo huyo.

Shemeji yako,
Mama Stella


Masasi, 9 Machi 2024

Shikamoo shemeji,

Barua nimeipata. Pole kwa usumbufu, ni kosa langu kutokukueleza nilipokuwa huko.

Iko hivi. Ukurasa wa maelekezo una sura mbili. Kuna maandishi ghafi, yenye alama zake za hapa aya, hapa kichwa cha habari, hapa herufi nzito. Na kuna ukurasa uliokwisha kupangwa, ulio tayari kusomwa. Kaka Gasper alikuwa anaziita mbichi na zilizoiva. Zamani kompyuta zilikuwa dhaifu, kuupanga ukurasa mmoja ilikuwa kazi ya kwenda kuchota maji na kurudi. Kwa hiyo watu walizipanga kabla, wakazihifadhi zikiwa zimeiva. Mtu akiuliza, anapewa papo hapo.

Siku hizi hakuna haja. Mashine ya leo inachukua ile mbichi na kuipanga kabla hujanyanyua kidole, tena inaangalia kioo chako ni kipana kiasi gani na kuutosheleza ukurasa humo. Zilizoiva zimepangwa kwa upana mmoja tu, ule wa vioo vya zamani. Zinakaa kwenye diski bure, na ukiisahihisha mbichi ukasahau kuipanga upya iliyoiva, mwanafunzi anasoma makosa ya mwaka juzi. Mafundi wengi wameachana nazo, na mifumo mipya inazihesabu kama takataka za muda. Ndiyo maana wakati wa kubadilisha mfumo nilizifuta.

Kwa hiyo hakuna kilichopotea. Nitumie maandishi mabichi ya kaka kwenye flashi, kupitia kwa Mujibu, nami nitayaweka kwenye mashine zote kwa siku moja. Yatapendeza kuliko yalivyokuwa. Kaka mwenyewe angefurahi.

Mwambie Stella asome kwa bidii.

Wako katika kazi,
Elineema


Kitangari, 15 Machi 2024

Shemeji,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilitulia, kwa sababu ulisema hakuna kilichopotea. Mara ya pili nilifika pale uliposema nikutumie mbichi.

Shemeji, mbichi ziko kwako.

Gasper hakuwahi kuziweka kwenye kompyuta za shule. Alisema mashine zile hazina kipangaji, ile programu ya kuzipanga, na wanafunzi wakiziona mbichi watazichezea. Alikuwa akiandika nyumbani kwenye laptop yake, anaupanga ukurasa, halafu anauleta shuleni ukiwa umeiva. Alifanya hivyo kuanzia mwaka 2017 mpaka mwezi ule alioshindwa kukaa kitini. Kurasa sabini na tatu. Na laptop ile nilikupa wewe mwenyewe siku ya arobaini, mbele ya ndugu zake, baada ya kahawa. Nilisema, huyu ndiye aliyekuwa karibu naye kwa kazi hizi, aitunze. Ina karatasi ya rangi ya chungwa mgongoni, Stella aliandika jina lake hapo alipokuwa darasa la nne.

Basi ifungue, uzitoe humo, uzirudishe. Ni hivyo tu.

Najua unaona ni jambo dogo. Nikueleze kwa nini si dogo. Watoto wetu wanatoka nyumba za Chimakonde, Kiswahili chenyewe wamekikuta shuleni, Kiingereza ni mlima wa tatu. Gasper aliwaandikia kwa maneno wanayoyajua. Kwenye ukurasa wa grep mfano wake ni kutafuta jina la mtu katika orodha ya zamu ya maji. Kwenye ukurasa wa kuzima kazi iliyokwama aliandika: "Usiitumie amri hii ukiwa na hasira." Wanafunzi wa Paskalia, mwalimu wetu wa hesabu, walikuwa wanaunukuu mstari huo hata wakigombana uwanjani.

Na jambo jingine, ambalo sikutaka kuliandika. Jumamosi Stella alikwenda maabara peke yake. Alirudi akakaa kizingitini. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Mama, Baba ametolewa kwenye kompyuta."

Nikamwambia Baba mdogo Elineema anazo zote.

Nasubiri,
Mama Stella


Masasi, 2 Aprili 2024

Shikamoo Mama Stella,

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na kazi Nanyumbu wiki mbili.

Kuhusu laptop, sikupenda kukuambia wakati ule kwa kuwa ulikuwa bado na msiba. Nilipoifikisha Masasi nikakuta diski yake imekufa. Ilikuwa ya zamani, na kaka aliitumia sana mpaka mwisho. Nilijaribu kila njia. Haikutoa kitu. Sikuwa na sababu ya kukuongezea uchungu, nikanyamaza. Unisamehe kwa hilo.

Lakini usikate tamaa. Kwenye flashi hii kuna kurasa mia moja na ishirini za Kiswahili, nyingi kuliko za kaka. Nimechukua za Kiingereza nikazipitisha kwenye programu ya kutafsiri, zote kwa mchana mmoja. Ni mbichi, kwa hiyo zitajipanga zenyewe kwa upana wowote wa kioo. Nimekuandikia hatua za kuziingiza kwenye faili la kwanza.

Wanafunzi watazizoea. Dunia inakwenda, shemeji.

Elineema


Kitangari, 11 Aprili 2024

Ndugu Elineema,

Kurasa zako tumezifungua darasani, wanafunzi arobaini na wawili wakitazama. Ukurasa wa kuzima kazi unasema: "Tumia amri hii kumuua mtoto. Mtoto akikataa kufa, muue mzazi wake." Darasa lilicheka mpaka Mwalimu Humphrey akaja kuchungulia. Mimi nilikuwa nimesimama mbele na chaki mkononi, nikasubiri wamalize.

Gasper, kwa huyo huyo "mtoto" wa Kiingereza, aliandika "kazi iliyoanzishwa na kazi nyingine". Alikaa siku mbili akilitafuta neno hilo. Nakumbuka kwa sababu alikataa kula ugali mpaka alipate, nikamnunia.

Sasa nije kwenye laptop.

Paskalia alikuja Masasi wakati wa Pasaka kumwona dada yake. Akaingia kwa Halfani, yule muuza vipuri karibu na stendi, kutafuta chaja. Juu ya meza binti yake Halfani alikuwa anatazama picha za harusi kwenye laptop. Laptop inawaka, inaimba. Mgongoni ina karatasi ya rangi ya chungwa imeandikwa STELLA.

Paskalia akamuuliza, "Hii umeitoa wapi?"

Halfani akajibu, "Nilipewa na fundi Elineema, mwaka juzi. Nzima kabisa, haijawahi kunisumbua hata siku moja."

Diski iliyokufa inaimba, Elineema.

Umenipigia mara nne tangu Paskalia arudi, nadhani Halfani amekuambia. Sipokei. Kwenye simu una ulimi mwepesi. Niandikie kilichotokea, chote, kwa mkono wako, na uweke saini chini.

Bibiana


Masasi, 27 Mei 2024

Mama Stella, shikamoo.

Najua hutaitikia. Nimeanza barua hii mara nyingi.

Diski haikufa. Nilikudanganya.

Mwezi wa Sita mwaka aliofariki, kaka Gasper alinipigia. Akasema, "Mdogo wangu, njoo na diski kubwa uchukue maandishi yangu yote, mbichi na zilizoiva. Afya yangu siielewi." Nikamwambia nitakuja wiki ijayo. Akapiga tena, nikamwambia wiki ijayo. Nilisema hivyo mara nne. Mara ya mwisho hakuuliza habari ya kurasa, aliuliza tu kama mvua imenyesha Masasi.

Si kwamba nilikuwa na kazi. Paskalia alikuwa amenieleza kwamba kaka amekonda mpaka saa yake inapanda hadi kwenye kiwiko. Mimi kaka Gasper ndiye aliyenipokea nilipotoka Same sijui mtu mwingine huku, akanilaza kwenu miezi mitano, ukinipikia wewe. Niliogopa kumwona hivyo. Nikangoja apone, au yaishe. Yakaisha.

Halafu siku ya arobaini ukasimama mbele ya watu ukasema mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Nilitamani ardhi inimeze. Laptop nikaiweka kabatini, sikuweza kuiwasha. Siku ya kumi Halfani akaja anatafuta ya binti yake. Nikaifuta yote bila kufungua faili hata moja, nikampa. Sikumuuzia, nilimpa tu. Nilitaka itoke nyumbani.

Sasa habari ya mwezi wa Pili. Nilipofika kwenye folda ile, niliiona kama ninavyoiona kwenye mashine zote: kurasa zilizoiva, za zamani, futa. Sikufikiri. Nilifuta kwenye ya kwanza, kisha amri moja ikafuta kwenye tisa zilizobaki. Nikanywa chai yako, nikaaga. Nilipokuwa nateremka mteremko wa Newala ndipo nikakumbuka laptop. Nikasimamisha pikipiki pembeni. Nikajua kwamba mbichi nilishazifuta mimi, na zilizoiva nimezifuta mimi, na hakuna nyingine.

Nitakueleza na hili, kwa sababu umesema niandike chote. Faili likifutwa haliondoki saa ile ile. Linabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kama ningegeuza pikipiki, nikazima mashine zote kabla wanafunzi hawajazitumia, huenda ningeokoa nyingi. Nilikaa pale labda dakika ishirini. Kisha nikaendelea na safari. Ningerudi ningelazimika kukuambia habari ya laptop.

Nilichokuandikia mwezi wa Tatu kuhusu kurasa zilizoiva ni kweli, fundi yeyote atakuambia. Hazihitajiki kwenye mashine za leo. Ila hazihitajiki kama mbichi ipo. Hilo ndilo nililoliruka kwa makusudi.

Sehemu moja tu inabaki ya kujaribu. Mwaka 2019 mimi na kaka tulipeleka kimashine kidogo kwa Mwalimu Nickson, yule mstaafu anayekaa Chidya. Kilikuwa dhaifu mno, hakikuwa na nafasi ya kipangaji, kwa hiyo kaka alikiwekea kurasa zilizoiva, zile alizokuwa nazo wakati huo. Sijui kama bado kinawaka. Nilitaka kwenda mwenyewe, lakini nikaona kwamba hutataka nikiguse. Nakuachia wewe.

Sina la kujitetea.

Elineema


Kitangari, 30 Juni 2024

Elineema,

Nilikwenda Chidya Jumamosi ya wiki iliyopita, mimi na Stella. Gari mpaka njia panda, kisha bodaboda. Huko wameanza kupulizia mikorosho salfa, tulifika tumekuwa wa njano na macho yanawasha.

Mwalimu Nickson ametupokea vizuri. Kimashine kipo, kimefunikwa kitambaa alichofuma marehemu mkewe, anakitumia kuandikia kumbukumbu za jumuiya yao ya kanisa. Nikamweleza tunachokitafuta. Akashangaa. "Zile kurasa? Mimi sikujua kama ni kitu. Kila siku zinafunguka tu." Anasema watu wawili wamewahi kumshauri akitupe achukue kipya, akakataa kwa uvivu. Namshukuru Mungu kwa uvivu wake.

Stella ndiye aliyekaa kitini. Akaandika man, akaandika grep. Kilivuta pumzi kidogo, kikafungua. Orodha ya zamu ya maji ilikuwa pale pale. Stella aliusoma wote kwa sauti mpaka chini, Mwalimu Nickson akaitikia "ndiyo, ndiyo," kama yuko ibadani. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na banda la kuku.

Zimepatikana kumi na tisa. Hamsini na nne hazipo. Ukurasa wa kuzima kazi haupo, aliuandika baadaye. Yale maneno ya kwamba usiitumie ukiwa na hasira sasa yamebaki vichwani tu mwa watoto waliowahi kuyasoma.

Tukiwa tunakula Mwalimu Nickson akauliza, "Na yule kijana aliyekuja na Gasper, mwembamba, mcheshi, yuko wapi siku hizi?"

Stella akaniangalia.

Nikamwambia, "Yuko Masasi."

"Msalimie sana," akasema. Basi unasalimiwa.

Kurasa tumeziweka kwenye kompyuta zote kumi, mimi na Paskalia, kwa kufuata kitabu. Zimekaa upande mmoja wa kioo, nusu nyingine ni tupu. Ulisema kweli, hazijitoshelezi. Wanafunzi wameuliza kwa nini, nikawaambia aliyeziandika alikuwa na kioo chembamba.

Barua yako ya mwezi wa Tano nimeielewa. Ya woga nimeielewa kabisa. Mimi niliyekuwa namgeuza kitandani niliogopa pia, kila asubuhi kabla sijawasha taa. Ningekusamehe hizo wiki nne, na hata laptop ningekusamehe, maana mtu anaweza kufanya jambo la kipumbavu kwa huzuni. Nilichoshindwa ni zile dakika ishirini za mteremkoni. Pale ulikuwa na pikipiki, ulikuwa na mafuta, na ulikuwa unajua. Ulipima aibu yako na kazi ya miaka mitano ya mtu, ukaendelea na safari. Kisha ukaniandikia barua nzuri ya kunifundisha kwamba vitu vile ni vya zamani.

Jambo la mwisho. Katika zile kumi na tisa kuna ukurasa ambao sikuwahi kuusoma, wa kueleza kurasa zenyewe. Mwisho wake kuna sehemu ya kasoro, kama wanavyoweka kwenye kurasa za namna hiyo. Nakunakilia kama ilivyo:

"KASORO. Zipo, sizijui zote. Ukiona moja, usimsumbue mke wangu, ana kazi nyingi. Mwandikie Elineema, fundi, Masasi. Huyo ukimwita anakuja."

Mwalimu Humphrey alitaka tuifute sehemu hiyo, kwa sababu shule imeshapata fundi mwingine. Nikamwambia isiguswe hata herufi.

Kidato cha pili wamegundua kosa katika ukurasa wa cp. Wamesoma pale chini, wakakuandikia barua wenyewe, kwa heshima zote, wakiamini utakuja. Nimeiweka humu pamoja na yangu. Wao uwajibu. Mimi usiniandikie tena.

Mwalimu Bibiana